Mtaro Wazi, Manispaa na Fidia: Kesi Inavyojengwa Kwenye Muhtasari wa Kata

Kesi nyingi za fidia dhidi ya manispaa hufia mlangoni, kabla jaji hajasikia neno lolote kuhusu mguu uliovunjika. Zinaondolewa kwa pingamizi la awali: notisi, yaani barua ya kutangaza nia ya kushtaki, haikutolewa, au ilipelekwa kwa asiyehusika, au Mwanasheria Mkuu wa Serikali hakuunganishwa. Zinazosalimika na kufika kwenye ushahidi hushinda au kushindwa kwa karatasi. Na karatasi nzito kuliko zote, kwa tulivyoona sisi tunaoshughulika na mashauri haya, haitoki hospitali wala polisi. Inatoka kwenye faili la mihutasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, WDC, ambalo wadai wengi hawajui hata kama lipo.

Nazungumzia Tanzania Bara, miji ya kadiri ya Songea, Musoma, Singida au Mtwara. Zanzibar ina sheria zake.

Shimo ni la nani

Mtu akiteguka au kuvunjika mjini, lawama ya kwanza ni "manispaa". Mara nyingi si yake. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara, hata zinapokatiza katikati ya mji. Barabara nyingine za mjini, pamoja na mitaro na makalavati yake, ziko TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu Julai 2017 wakala huo ulipoanza kazi. Chemba ya majitaka iliyopotelewa na mfuniko, au mtaro uliochimbwa kupitisha bomba ukaachwa, uulizie mamlaka ya maji. Manispaa imebaki na masoko, stendi, machinjio, dampo, shule, zahanati, makaburi na maeneo ya wazi, na mitaro iliyo ndani ya maeneo hayo.

Njia ya uhakika ni barua fupi kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, ukitaja mtaa na alama za karibu, ukiuliza kama barabara ile iko kwenye orodha yake. Raia anaweza kuiegemeza barua hiyo kwenye Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Wakati huo unasubiri, usikae. Kama una shaka ni yupi kati ya hao, peleka notisi kwa wote unaowashuku. Gharama yake ni karatasi na nauli, lakini kumkosa mhusika kunaweza kukugharimu kesi nzima.

Sokoni na stendi jambo ni jepesi zaidi, kwa sababu halmashauri yenyewe inakuachia ushahidi mkononi. Risiti ya ushuru inayotolewa kwa mashine ya POS getini ina jina la halmashauri, tarehe na saa. Karatasi ile ndogo inathibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba eneo linaendeshwa na halmashauri, na kwamba ulikuwepo saa hiyo. Ipige picha mapema, maana wino wake hufifia, na ile halisi itunze mbali na jua.

Siku ya kwanza

Shimo lililomjeruhi mtu huzibwa haraka ajabu. Lililokaa wazi mwaka mzima litapata mfuniko wiki hiyohiyo. Kwa hiyo ndugu mmoja aende hospitali na majeruhi, mwingine abaki eneo la tukio na futi kamba ya fundi. Apime upana wa mtaro, kina chake, urefu wa sehemu isiyo na mfuniko, na umbali kutoka ukingo wa njia ya watu. Apige picha ya mbali inayoonyesha duka au nguzo inayotambulika, picha ya kati, na ya karibu ambapo futi imelazwa ndani ya shimo na namba zinasomeka. Kama tukio lilikuwa usiku, arudi usiku saa ileile, apige picha bila kuwasha mwanga wa simu, giza lionekane lilivyo.

Picha zibaki kwenye simu iliyozipiga. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa na kupoteza kumbukumbu za tarehe na mahali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, lakini mahakama hupima uaminifu wa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Aliyepiga picha ndiye anayepaswa kuja kuziapia, si mjomba aliyetumiwa.

Hospitali, mtazame daktari anavyoandika maelezo ya kwanza. Hapa ndipo kesi nzuri huharibika bila mtu kujua. Mgonjwa ana maumivu, aliyemleta anasema "ameanguka", karani anaandika "ameanguka na pikipiki" kwa sababu ndivyo wengi wanaofika usiku walivyo. Miaka miwili baadaye wakili wa serikali anasoma mstari huo mbele ya jaji. Sema wazi: ameanguka kwenye mtaro usiofunikwa, mahali fulani, saa fulani. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ichukuliwe mapema, na maelezo yaliyomo yalingane na ya hospitali. Tunza filamu za eksirei zenyewe, maana ripoti pekee haitoshi mvunjiko ukibishaniwa.

Mihutasari

Ili halmashauri iwajibike kwa uzembe, haitoshi kuonyesha kwamba kulikuwa na hatari. Lazima ionekane kwamba ilijua, au ilipaswa kujua, na ilikuwa na muda wa kuchukua hatua. Wadai wengi huleta majirani watatu wanaosema "tulikuwa tunalalamika kila siku". Walimlalamikia nani, lini? Kimya.

Malalamiko hayo, kama yalifanyika kweli, yana njia. Yanaanzia mkutano wa mtaa, yanaandikwa na Afisa Mtendaji wa Mtaa, yanapanda WDC, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kata. Kutoka hapo huingia kwenye taarifa ya kata, ambayo diwani huiwasilisha Baraza la Madiwani kila robo mwaka, au hupitia kamati ya kudumu inayohusika. Yakifika Baraza, yamo kwenye kabrasha, yaani kitabu cha nyaraka za kikao. Na katibu wa Baraza ni Mkurugenzi mwenyewe. Jambo likishaingia kwenye kabrasha lililoandaliwa na ofisi yake, ni vigumu sana kusema kesho yake kwamba ofisi haikuwa na taarifa.

Kwa hiyo omba mihutasari ya WDC na taarifa za kata za angalau robo nne kabla ya tukio. Omba kwa barua, taja vikao, omba nakala zilizothibitishwa, kwani nyaraka ya umma hupokelewa mahakamani kwa nakala iliyothibitishwa na mwenye dhamana nayo. Nakala iliyopigwa picha kwa siri na mjumbe rafiki itakuletea ubishi. Usisahau kusoma sehemu ya "yatokanayo", inayofuatilia maagizo ya kikao kilichopita. Wengi hurukia ajenda kuu, kumbe utamu uko pale: kikao cha Januari kimeagiza mtaro ufunikwe, cha Aprili kinasema "bado, fedha hazijapatikana", cha Julai kinarudia maneno yaleyale. Mistari mitatu hiyo ina uzito kuliko mashahidi kumi.

Madiwani na watendaji nao wana lao la kujifunza hapa. Linganisha maandishi mawili. La kwanza: "Wajumbe walilalamikia ubovu wa mitaro sokoni." La pili: "Mtaro wa mashariki mwa soko, mbele ya mlango wa mboga, umekosa mifuniko minne. Afisa Mtendaji wa Kata amwandikie Mkurugenzi ndani ya siku 7. Wakati ukarabati unasubiriwa, eneo lizungushiwe mapipa na utepe." La kwanza linaithibitishia mahakama kwamba mlijua, halafu linaishia hapo. La pili linaonyesha mlijua na mlitenda. Watendaji wengine hudhani dawa ni kutoandika kabisa. Dawa hiyo ni mbovu: majirani watakuja kusema walilalamika, na halmashauri haitakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ilichukua hatua yoyote. Ukosefu wa fedha za zege unaweza kueleweka. Ukosefu wa mapipa mawili na utepe hauelezeki.

Kuna mtego wa zamani ambao mdai anapaswa kuujua kabla ya kuandika hati ya madai. Tanzania haina sheria moja ya Bunge inayoeleza uzembe kwa ujumla. Tunatumia sheria ya mazoea ya Kiingereza kama ilivyopokelewa tarehe 22 Julai 1920. Kwenye sheria hiyo ya zamani, mwenye dhamana ya barabara aliwajibika kwa kuharibu, lakini kwa kutotengeneza tu alikuwa na kinga. Uingereza yenyewe iliifuta kinga hiyo kwa sheria ya 1961, yaani baada ya tarehe yetu ya kupokea. Kwa hiyo hati inayosema tu "hawakukarabati barabara" inamfungulia mdaiwa mlango. Eleza kitendo: waliondoa mifuniko kuzibua taka wasiirudishe, walichimba wakaacha bila alama, walifungua soko na kutoza ushuru huku mtaro uko wazi njiani mwa wateja.

Notisi ya siku 90

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2020 ilibadilisha mchezo. Kabla yake, manispaa ilipewa notisi ya siku 30 na kesi ndogo ilifunguliwa mahakama ya chini. Sasa serikali za mitaa zinatendewa kama Serikali Kuu: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kama mdaiwa, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu hata kama unadai milioni mbili. Usipomuunganisha, mwenendo mzima ni batili. Ukitafuta vifungu kwenye Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, angalia kwanza unashika toleo gani. Toleo la Marekebisho la 2023, lililozinduliwa Aprili 2025, limepanga upya namba za vifungu katika sheria nyingi.

Notisi inaandikwa kwa Mkurugenzi. Meya hapokei notisi, na diwani ndiyo kabisa. Iwe na jina na anwani ya mdai, tarehe, saa na mahali pa tukio, kilichofanywa au kuachwa, majeraha, kiasi kinachodaiwa, na kauli wazi kwamba siku 90 zikipita bila kulipwa utafungua shauri. Barua ya kuomba "msaada wa matibabu" si notisi, hata ikiwa na kurasa tano. Nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake, iliyoanzishwa 2018, ndiyo inayokuja kukutana nawe mahakamani.

Peleka kwa mkono, na daftari la dispachi lako mwenyewe. Masjala ya halmashauri igonge muhuri wa kupokea wenye tarehe kwenye nakala yako, na mpokeaji aandike jina na kusaini kwenye dispachi. Muhuri usio na tarehe ni pambo tu. Siku zinahesabiwa tangu notisi ipokelewe. Tarehe uliyoandika juu ya barua haihesabiwi.

Halafu kuna ukomo wa muda, na hapa nawaomba watu wasiwasikilize mawakili wa vijiweni wanaosema "una miaka mitatu". Ni kweli kwamba madai ya madhara yana miaka 3 kwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89. Lakini jedwali la sheria hiyohiyo linatoa mwaka 1 tu kwa fidia inayotokana na kutenda au kutotenda jambo linalodaiwa kufanywa kwa kufuata sheria iliyoandikwa. Manispaa hufanya karibu kila kitu chini ya sheria iliyoandikwa, na mawakili wa serikali wanalijua hilo vizuri. Jihesabie mwaka mmoja.

Hesabu yenyewe: umeumia tarehe 10 Machi. Ukipeleka notisi 10 Desemba, siku ya 90 inaangukia 10 Machi, na ukifungua kesi kesho yake unakutana na ubishi wa ukomo. Ukifungua mapema, kesi haijaiva na itaondolewa. Notisi iwe imepokelewa kabla ya Novemba kwisha. Na jua tofauti ya maneno haya mawili: kesi iliyoondolewa kwa sababu ya notisi unaweza kuirudisha ukishajirekebisha, kama muda ungalipo. Kesi iliyotupwa kwa ukomo wa muda ndiyo mwisho wake. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda kwa kipindi kisichozidi nusu ya ule uliowekwa, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, lakini hilo ni ombi, si haki.

Kosa jingine dogo linaloua: kumshtaki "Mkurugenzi wa Manispaa". Mtu wa kisheria ni Halmashauri ya Manispaa, na Mkurugenzi ni mtumishi wake. Andika Halmashauri, kisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali kama mdaiwa mwingine.

Mahakamani

Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo hati ya madai unaweza kuiandika na kuielewa mwenyewe, ingawa Mahakama Kuu bila wakili ni safari ngumu. Mdaiwa anajibu ndani ya siku 21 tangu apewe wito. Pingamizi za awali husikilizwa kwanza, kisha usuluhishi wa lazima ambao una kikomo cha siku 30. Kwenye usuluhishi, mwanasheria wa halmashauri anaweza kukubaliana nawe kabisa na bado asiweze kusaini. Uamuzi wa kulipa unapitia ofisi ya Wakili Mkuu. Nenda ukiwa na jedwali la madai lenye risiti nyuma yake, ili apate cha kupeleka juu.

Kuambatisha karatasi kwenye hati ya madai hakuifanyi kuwa ushahidi. Ni lazima shahidi aitoe, ipokelewe kama kielelezo, isomwe mahakamani. Tumeona hukumu ambazo PF3 ipo ndani ya jalada na jaji analazimika kuandika kwamba hakuna ushahidi wa jeraha, kwa sababu hakuna aliyeitoa.

Fidia iko ya aina mbili. Fidia mahsusi ni fedha zilizotoka mfukoni au mapato yaliyopotea hadi siku ya kesi: itajwe kipengele kwa kipengele kwenye hati, na ithibitishwe kwa ukamilifu. Mahakama ya Rufani haijawahi kulegeza kamba hapa. Dawa na vipandikizi ziwe na risiti za EFD, nauli za kliniki ziwe na tiketi au angalau shahidi na tarehe zinazolingana na kadi ya kliniki. Kilicholipwa na bima ya afya usikiorodheshe kana kwamba umelipa wewe, kwani kikigundulika kinatia doa hata yale ya kweli. Kama chuma kilichowekwa mguuni kitahitaji kutolewa, pata profoma ya hospitali na daktari aje aieleze.

Mapato ndiyo sehemu inayowaumiza mama lishe, bodaboda na wauza mitumba. "Napata elfu thelathini kwa siku" ni maneno matupu. Taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita kabla ya ajali, daftari la mauzo, mkataba wa bodaboda na mwenye chombo pamoja na hesabu ya kila siku, kitambulisho cha mjasiriamali, rejesho la vikoba: vikusanye vyote, halafu toa matumizi. Mahakama inafidia faida. Mauzo ghafi si faida.

Fidia ya jumla, ya maumivu na ulemavu, ni hiari ya jaji, lakini lazima aeleze sababu, na Mahakama ya Rufani haiigusi isipokuwa kanuni imekosewa au kiasi ni kikubwa au kidogo kupita kiasi. Kwa hiyo mpe jaji sababu. Daktari aseme asilimia ya ulemavu wa kudumu na maana yake kwa kazi ile: fundi mwashi asiyeweza kuchuchumaa hayuko sawa na karani mwenye jeraha lilelile. Soma hukumu za majeraha yanayofanana kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ambako zinapatikana bure, uone kiwango kinachotolewa kabla ya kuandika milioni mia tano. Dai lililovimba halimtishi mtu.

Uzembe wako nao utapimwa. Aliyekuwa anaandika ujumbe kwenye simu, au amelewa, atapunguziwa kwa kadiri ya mchango wake. Na ule ushahidi wa "napita hapa kila siku" unakata pande zote mbili: unathibitisha mtaro ulikuwa wazi muda mrefu, na unampa mdaiwa nafasi ya kusema uliujua. Jibu liandae mapema: umati, giza, mvua iliyojaza mtaro hadi ukaonekana kama njia.

Ukishindwa, notisi ya rufaa iwekwe ndani ya siku 30, na ndani ya siku hizohizo andika barua ya kuomba mwenendo wa shauri, nakala ikiwa kwa upande wa pili. Bila barua hiyo, siku 60 za kuwasilisha rufaa zitakukimbia huku ukingoja nakala.

Ukishinda

Mali ya halmashauri haikamatwi. Hakuna dalali atakayeondoka na greda wala gari la Mkurugenzi. Baada ya hukumu unaomba mahakama ikupe hati ya kuthibitisha kiasi unachodai, unaipeleka kwa anayepaswa kulipa, na ukipuuzwa unaweza kurudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za taasisi, atimize wajibu wake.

Kinachosukuma malipo kwa vitendo ni kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na makisio hupita kwenye vikao vya halmashauri miezi kadhaa kabla. Hati yako ikifika Mei, umechelewa mwaka mzima, utaambiwa hakuna kifungu. Ipeleke kabla ya Desemba, nakala kwa Mweka Hazina na kwa mkaguzi wa ndani, ukiomba deni liingizwe kwenye makisio na kwenye orodha ya madeni ya halmashauri. Deni lililo kwenye vitabu hukutwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hakuna Mkurugenzi anayependa kulielezea mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa mwaka wa pili mfululizo.

Kwenye barua hiyo weka na hesabu ya riba. Kiwango cha kawaida cha riba juu ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu. Kwa tuzo ya milioni 40 ni milioni 2.8 kila mwaka. Namba hiyo iandike kwa herufi nene, kwa sababu Kamati ya Fedha ndiyo itakayoisoma, na madiwani wanajua milioni 2.8 zinafunika mita ngapi za mtaro.